Serire haijafa, fungua kwanza mlango

"Fundi, serire imekufa, kuja na ingine mpya." Ndivyo wenye milango ya PVC, ile ya plastiki ngumu, wananiambiaka ku simu, karibu wote (serire ni kifungo cha mlango, kile cha funguo), na jibu yangu ni moja: usinunue kitu. Fungua mlango, uache wazi kabisa, kisha jaribu kufunga serire hewani. Yaani mlango haugusi fremu, unapandisha puanye (mkono wa mlango) juu mpaka ndoano zitoke ku ubavu wa mlango, unazungusha funguo. Ikizunguka laini, bila kelele bila kulazimisha, basi serire yako iko nzima na shida iko kwingine, iko pale mlango unapokutana na fremu. Ikikataa hata hewani, hapo sasa tunaweza kuongea juu ya serire. Ila angalia, ukiisha kufunga hewani urudishe puanye chini kabla ya kusukuma mlango, kwa sababu ndoano zikigonga fremu kwa nguvu utajitafutia shida ambayo hukuwa nayo.

Hiyo tu. Haiombi chombo wala franga. Lakini hapa Goma kuna nyumba mu Himbi, kuna nyumba Kyeshero, serire imebadilishwa na kubadilishwa tena ku mlango ule ule, kila fundi anatia mpya, inafunga vizuri wiki kidogo kisha inaanza kugoma, na mwenye nyumba anakuambia eti vitu vya siku hizi ni vya ovyo tu. Siyo uongo, vya ovyo viko. Lakini hata ukitia serire ya Ujerumani ku mlango ulioshuka milimita tatu, nayo itakufa.

Zamani hapa Goma ilikuwa mbao na chuma. Mlango wa mbao ukivimba wakati wa mvua unaita menizie, anapiga randa, imeisha. Wa chuma unaita ajisteri, anakuja na mashine ya kusude (kuchomelea), anasude pomeli (bawaba), imeisha. Sasa PVC haikubali randa na haikubali kusude, kwa hiyo fundi aliyekulia ku mbao ao ku chuma akisimama mbele yake anaona kitu kimoja tu anachokijua, kile chenye visi (skrubu) na funguo. Anakitoa, anatia kingine, anaenda. Simlaumu sana, hakuna aliyemfundisha, na mteja mwenyewe ndiye aliyesema serire imekufa.

Mlango wenyewe ni plastiki ngumu, PVC ambayo haikuwekewa dawa ya kulainisha, tofauti na ile ya tiyo ya kumwagilia bustani. Plastiki peke yake isingebeba uzito, ndiyo maana ndani ya profili, yale mabomba ya plastiki ya mlango, wanapitisha chuma cha galva (kilichopakwa zinki). Halafu kioo. Halafu ku ubavu, toka juu mpaka chini, kuna chuma chembamba kirefu, ndiyo kremoni. Katikati yake kuna boksi ambamo puanye na silinda (kile kipande chenye tundu ya funguo) vinaingia, na toka hapo vyuma vinasukuma ndoano, galeti (vigurudumu vidogo vya chuma) na pini za juu na za chini kwa wakati mmoja. Ukipandisha puanye unaingiza sehemu tatu ao tano zote mu fremu pamoja (kuna aina zingine hazina kupandisha, ni funguo ndiyo inafanya kazi yote ukiizungusha mara mbili, lakini ndani ni mambo yale yale). Mwizi akisukuma juu ao chini mlango haupindi, na hapo PVC inashinda milango mingi ya mbao. Lakini sehemu moja tu ikikosa tundu yake zote zinakwama, na nguvu yote ya mkono wako inarudi mu ka-boksi ka katikati, kenye vyuma vidogo vya kumiminwa ambavyo havipendi kulazimishwa. Unalazimisha leo, unalazimisha kesho, siku moja inalia "tak" na kweli sasa serire imekufa. Ilikufa kwa sababu ya mlango.

Kwa nini mlango unashuka? Hapa acha nikae kidogo.

Kwanza kioo. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita moja ya unene. Chukua mlango wenye vioo viwili vya milimita 4 kila kimoja, ukubwa mita moja na nusu ya mraba: unapata kilo 30, kioo peke yake, plastiki na chuma bado. Kilo hizo zote zinaning'inia upande mmoja, upande wa pomeli. Mtu anayejua kazi hawekaki kioo hivi hivi, anakishikiza na vipande vidogo vya plastiki, kale, moja chini ku kona ya upande wa pomeli, na ingine juu ku kona ya upande wa puanye. Hapo kioo chenyewe kinakuwa mshikizo wa mshazari, kinazuia kona ya puanye isishuke, na uzito unateremka mpaka ku pomeli ya chini. Ukitoa kale, ao zikiwekwa bila akili, ao zikiwa ni vipande vya mbao vikaoza, plastiki inabaki kubeba peke yake na kona ya puanye inaanza kushuka polepole. Nimefungua milango mipya kabisa na ndani sikukuta kale hata moja. Na zingine zilikuwa mo lakini zilihama njiani, kwa sababu mlango ulitoka Birere, kule kwenye maduka, na kioo chake tayari, umelazwa juu ya chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo), na kila mtu anajua barabara zetu na mawe yake.

Pili ardhi. Tarehe 22 Mei 2021 volkano yetu, Nyiragongo, ililipuka jioni, lava ikasimama kule Buhene karibu na uwanja wa ndege, na siku zilizofuata mji ulitikisika usiku na mchana mpaka tarehe 27 sehemu kubwa ya mji ikaombwa ihame, watu wakaenda Sake, wengine Gisenyi, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Waliporudi kuna waliokuta ukuta una ufa na mlango waliouacha ukifunga vizuri sasa unakwaruza chini. Ukuta ukisogea fremu inafuata, na fremu ikipoteza mraba wake hakuna serire itakayokusaidia. Hii unaweza kuipima mwenyewe: shika mita, pima fremu toka kona ya juu ya kushoto mpaka ya chini ya kulia, kisha ile mishazari ingine. Zikilingana, ao tofauti ikiwa ndogo sana, fremu iko sawa na kazi iko ku mlango. Tofauti ikiwa kubwa, acha pomeli, hapo ni kufungua fremu ku ukuta na kuipanga upya na hiyo siyo kazi ya turnevisi (bisibisi) na jioni moja.

Tatu jua, na hii watu wanaichekaka. Mama mmoja wa Katindo aliniambia mlango wake unafunga asubuhi, mchana unakataa, usiku unakubali tena, na mume wake alikuwa anasema eti ni yeye hajui kufunga. Mama alikuwa na haki. PVC inarefuka ikipata joto, karibu milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila digri moja. Mlango wa mita mbili, plastiki yake ikipanda digri 25 toka alfajiri mpaka saa nane mchana, ingerefuka milimita 3.5 kama ingekuwa huru. Chuma cha ndani kinaizuia kidogo, lakini milimita mbili zinatosha kabisa ndoano ikose tundu. Mlango mweupe unateseka kidogo, wa rangi ya marron (kahawia) ya giza unaoangalia jua la mchana unateseka sana, na zaidi ya hapo upande wa nje unapata joto kuliko wa ndani, mlango unajikunja kama upinde. Dawa ya shida hii siyo kupanga mlango saa moja asubuhi ukakaa vizuri kisha fundi aende. Unaupanga uache nafasi ya kutosha pande zote, na unarudi kuujaribu wakati jua limeupiga.

Namna ya kujua mlango umeshuka, bibi wa nyumba amekwisha kuigundua bila kufundishwa na mtu: anashika puanye, anaunyanyua mlango kidogo juu, ao anausaidia na mguu chini, ndipo unafunga. Ukiona mtu anafunga mlango wake hivyo, huo mlango umeshuka. Angalia pia ile nafasi kati ya mlango na fremu ku upande wa puanye, ikiwa nyembamba juu na pana chini ndiyo hiyo. Na ukitaka kujua ni ndoano gani inagonga, paka rujalevre (rangi ya midomo) ku ncha ya kila ndoano na kila pini, funga polepole, fungua, angalia rangi ilibaki wapi ku gashi, vile vyuma vya ku fremu vinavyopokea ndoano. Mara nyingi utaikuta ku mdomo wa chini wa tundu.

Sasa kuitengeneza. Pomeli za milango hii nyingi zina kifuniko cha plastiki, ukikitoa unakuta mahali pa kle alen (ufunguo wa pembe sita), milimita 4 ao 5. Kuna visi ya kupandisha na kushusha mlango, mara nyingi iko ku pomeli ya chini, kuna ya kuvuta mlango kushoto na kulia, na zingine zina ya kuukaza ku mpira wa fremu. Zungusha robo ya mzunguko, funga, jaribu, tena robo. Mlango ulioshuka upande wa puanye unatakiwa pomeli ya juu iuvute ku upande wake, na ikibidi ile ya chini iusukume nje kidogo, hivyo kona inapanda. Usizungushe visi moja mpaka mwisho halafu uniite. Kama pomeli iko ya kawaida isiyo na visi za kupanga, ao visi zimefika mwisho na mlango bado uko chini, basi ni kale za kioo.

Kazi ya kale ni ya watu wawili na ya glovu. Unatoa zile fimbo za plastiki zinazoshika kioo kwa ndani, parakloze, unaanza na ile ndefu, unaingiza spatula pana katikati yake na unaigongea taratibu, ikiinama inatoka. Uziandike kila moja ilikuwa wapi. Mwenzako anashika kioo. Unanyanyua mlango kwa kipande cha mbao chini yake mpaka ukae pale unapotaka, unasukuma kale ya chini upande wa pomeli, kisha ile ya juu upande wa puanye mpaka ikaze, unarudisha parakloze, ndefu zinarudi za mwisho. Ukifungua mbao ya chini mlango unabaki pale pale. Watu wakiona wanashangaa, hakuna kitu kilichonunuliwa.

Kuna gashi pia. Zingine zina tundu refu za visi na unaweza kuzisogeza milimita moja ao mbili, hii ni halali kabisa. Kile sipendi ni lima (tupa). Mtu anachukua lima anakula mdomo wa gashi mpaka ndoano ipite, mlango unaendelea kushuka, mwaka ukiisha anakula tena, mpaka gashi haina kitu cha kushika ndoano na mlango wa ghali unafungwa na boksi la katikati tu.

Haya, vumbi. Ile vumbi yetu nyeusi ni mawe ya volkano yaliyosagwa na matairi ya gari na pikipiki, haiko laini kama ya udongo. Sasa mtu funguo inakuwa nzito, anachukua mafuta ya mawese jikoni anamimina mu silinda. Siku ya kwanza inateleza vizuri sana. Kisha mafuta yanashika vumbi, yanaganda, na ndani kunakuwa msasa unaokula vipini vidogo vya silinda kila ukizungusha funguo. Mawese hapana, mafuta ya moteri hapana, grisi ndani ya silinda hapana kabisa. WD-40, ile spre ya kopo, nayo nayajua maswali yenu: ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji ku chuma, inasafisha vizuri, inafungua kilichokwama, lakini siyo mafuta ya kubaki. Kwa silinda tumia unga wa krayo (penseli) ya kawaida, ile ya shule: kwaruza ncha ya krayo laini ku meno ya funguo pande zote mbili, ingiza, zungusha, toa, rudia. Ni grafiti, iko kavu, haishiki vumbi. Ukipata spre kavu ya silikoni pia ni sawa. Lakini ndoano, galeti na ule ulimi wa mlango ni mambo mengine, hizo zinaomba grisi kidogo kidogo, ukiisha kwanza kufuta vumbi na kitambaa. Mara mbili ku mwaka inatosha, nyumba iliyo kando ya barabara ya mawe iongeze.

Tuseme basi umejaribu hewani na imekataa. Hapo toa silinda kwanza, juu inaweza kuwa yenyewe. Ku ubavu wa mlango, usawa wa tundu ya funguo, kuna visi moja ndefu. Itoe. Ingiza funguo, izungushe kidogo tu, kama mshale wa saa uliotoka 12 ukafika kati yake na 1, ao upande ule mwingine kati ya 11 na 12, mpaka ule ulimi wa silinda ujifiche, kisha vuta. Ikitoka, zungusha boksi kwa turnevisi pale ulimi ulikuwa: likienda laini, shida ni silinda. Likiwa gumu ao linazunguka bila kushika kitu, ni boksi. Kuna dalili zingine za boksi: puanye inashuka chini yenyewe na haina nguvu, ao inapanda na haitaki kurudi, ao inazunguka na mlango haujui kama umeiguza.

Kununua silinda kunataka kupima, siyo kukisia. Unapima toka katikati ya tundu ya ile visi mpaka mwisho wa upande wa ndani, kisha mpaka mwisho wa upande wa nje. Ikiwa milimita 35 ndani na 45 nje, unaomba 35/45, siyo "silinda ya 80", juu 40/40 nayo ni 80 na upande wa nje haitafika. Upande wa nje usipite sahani ya puanye kwa zaidi ya milimita 3. Silinda iliyochomoza ni zawadi kwa mwizi, pale pa tundu ya visi ndipo iko nyembamba na ndipo inavunjikaka. Hii naiona kila wiki, mlango wa bei kali, kamera juu, santineli (mlinzi) ku geti, na silinda imetoka nje nusu ya kidole.

Boksi na kremoni ndiyo kichwa inauma zaidi, juu vitu vyetu vinatoka Turkiya, China, Dubai, vingine vinakuja na watu toka Ulaya, na kila nchi ina kipimo chake. Kipimo cha kwanza ni toka katikati ya tundu ya mraba ya puanye mpaka katikati ya silinda. Milango ya kipimo cha Wajerumani na Waingereza mara nyingi ni milimita 92, ya Turkiya utakuta sana 85, ya Wafaransa 70. Cha pili ni toka ubavu wa mlango mpaka katikati ya silinda, kwa PVC ni vidogo, 25, 28, 35, vile. Cha tatu ni upana wa ule ubapa wa ku ubavu, 16 ao 20. Kisha fimbo ya mraba ya puanye, ku milango karibu kila mara ni milimita 8. Unaweza kuandika vyote hivi ku karatasi, lakini shauri yangu ni moja tu: toa ile ya zamani, itie mu mfuko, nenda nayo Birere. Usiende na picha ya simu. Muuzaji wa kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi) atakuambia "ni ile ile papa", na haiko ile ile. Mara nyingi pia boksi linauzwa peke yake bila kremoni nzima, uliza hilo mbele ya kulipa.

Na kama boksi limekufa mlango ukiwa umefungwa, tafadhali usivunje kioo, kioo ni bei kuliko serire. Toa puanye ya ndani, shika fimbo ya mraba kwa pensi (koleo), mtu mwingine asukume ao avute mlango pale pa ndoano, juu, kisha katikati, kisha chini, na wewe unazungusha taratibu. Ukipata mahali pale ndoano haibanwi, inaachia. Hii inataka uvumilivu na mtu mmoja tu wa kutoa amri, siyo majirani wote.

Puanye yenyewe ni kazi ndogo. Ikilegea, ni visi mbili ndefu za upande wa ndani, kaza kidogo, usikaze sana juu sahani ikibanwa puanye inakuwa nzito. Ikining'inia chini lakini mlango unafunga vizuri, ressori (springi) ya ndani ya sahani imechoka, unabadilisha puanye tu na kuacha boksi pale, kwa kuangalia tena ile 92 ao 85 na umbali wa tundu za visi.

Madirisha. Mengi hapa ni ya kulisa, yanayosukumwa, na shida yao siyo kifungo ni reli imejaa vumbi na magurudumu yamekaa chini, dirisha linalala na ndoano haifiki pale inashikia. Fagia reli na burashi ya meno, kisha tafuta ka-tundu chini ku ubavu wa dirisha, ndani kuna visi ya kupandisha gurudumu. Chini ya fremu kuna tundu za kutoa maji, zifungue na waya, juu zikizibwa na vumbi mvua yote inaingia mu salo (sebule) na watu wanasema PVC inavuja.

Ya kufungua kama mlango ina puanye yenye visi mbili zilizojificha: zungusha puanye nusu, kisha zungusha kifuniko cha plastiki, utaziona. Umbali kati yao kwa kawaida ni milimita 43 na fimbo ni ya mraba wa 7, siyo 8. Ikiwa ngumu, angalia zile galeti za ku ubavu, nyingi zinazunguka kwa kle, ukizilegeza puanye inakuwa laini, ukizikaza upepo na vumbi haviingii.

Kisha kuna yale yanayofunguka kwa njia mbili, kwa ubavu na kwa kulala juu (sehemu ya juu inainama ndani). Haya yanaogopesha watu: mtoto anazungusha puanye dirisha likiwa wazi, mara linaning'inia ku kona moja ya chini na mama analia eti limevunjika. Halijavunjika. Lishike vizuri kwa mikono miwili, bonyeza ka-chuma kadogo ku ubavu kanakozuia puanye, weka puanye ku nafasi ya kulala juu, sukuma kona ya juu ya upande wa pomeli irudi ndani ya fremu, kisha rudisha puanye. Limepona.

Na kuhusu antivoli, vile vyuma vya kuzuia wezi: watu wanafunga dirisha na funguo, wanafunga mlango na funguo, wanaficha funguo mu shambre (chumba cha kulala), na madirisha yote yana vyuma. Usiku moto ukiwaka ao ardhi ikitikisika, unatoka wapi? Dirisha moja liwe na antivoli inayofunguka. Ku mlango, silinda yenye kitufe cha kuzungusha ndani ni nzuri ikiwa kioo hakiko karibu na mkono, kikiwa karibu mwizi anavunja kioo na kuzungusha mwenyewe, basi hapo weka silinda ya funguo pande mbili na funguo itundikwe mahali ambapo kila mtu wa nyumba anaikuta hata gizani na mtu wa nje hawezi kuifikia.

Lokateri (wapangaji) wananiulizaka nani analipa. Mambo hayo yanaamuliwa ku kontra (mkataba), lakini siku ya kuangalia nyumba, kabla ya kutoa garanti (pesa ya dhamana), fanya lile jaribio ku kila mlango, wazi kisha umefungwa, na ile inayokataa iandikwe ku karatasi bayeri (mwenye nyumba) akiwa pale. Uombe funguo zote, siyo moja. Silinda mpya nyingi zinauzwa na funguo tatu ao tano, ukipewa moja peke yake uliza zingine ziko kwa nani, na ukikosa jibu nunua silinda yako kwa kipimo kile nimeandika hapo juu, uitie mwenyewe, na ile ya bayeri uiweke mu kartoni mpaka siku ya kuhama.